Pampu Ambayo Hatukuisikiliza

Daa, Karatu
Jumapili, baada ya misa

Mjukuu wangu Bura,

Hapa tu wazima, mahindi tu ndiyo yamekauka. Umeuliza kwa nini gari lako la zamani linazungusha stata lakini haliwaki. Nitakueleza yote, hata lile nisilopenda kulisema.

Nilipokuwa darasa la saba, mama alishindwa kujifungua. Gari la parokia lilikuja kumchukua, kisha likakataa kuwaka. Lilikuwa la injeksheni, linalosukumiwa petroli na pampu ya umeme iliyo ndani ya tangi, geni kwetu, lakini tulilisukuma kama magari mengine. "Sukumeni! Mmekula makande au majani?" dereva alifoka. Wanaume wakaitikia kwa wimbo, hadi likakwama bondeni.

Jioni alifika fundi wa shamba la kahawa. "Nyamazeni kwanza," akasema. Akawasha swichi bila kupiga stata, akaniambia nitege sikio kwenye tangi. Sikusikia kitu.

"Basi pampu haisukumi petroli."

Fyuzi ilikuwa imeungua. Akaibadilisha, pampu ikavuma, gari likawaka mara moja.

Mama alifia njiani.

Siwalaumu; kila mmoja alisukuma kwa kumpenda. Lakini mchana kutwa hatukunyamaza hata dakika moja.

Wewe anza na pampu. Na unijibu upesi: mkeo amebakiza wiki mbili kujifungua, umeshamtafutia gari jingine?

Bibi yako