Usiniulize Niko Wapi

Mujukuu wangu Riziki, jambo sana. Huku Baraka tuko bazima. Dada yako amezaa mutoto mwanamuke, tumemuita Furaha.

Unauliza sababu gani kwa telefone nakatala kukuambia niko wapi. Wakati ya vita tulikimbilia shamba ya mihogo. Babu yako alikuwa kule Lulimba. Nikashuka Mboko, nikamuita kwa foni, ile radio ya misioni: «Tuko kwa shamba ya mama yako, juu ya Mboko. Kuya utuchukue!» Nilisahau kama kila mwenye foni anasikia.

Babu yako alifika siku ya tatu. Benye bunduki balifika siku ya pili.

Furaha wa kwanza, dada ya baba yako, tulimuzika kule kule kwa mihogo.

Ukinipigia, uliza kama nimekula.

Koko yako