Comité ya discipline na samaki za Tonton

Mangobo, mardi

Waseme tu nilipiga kelele. Nilipiga, na siombi pardon.

Tonton Faustin, ndugu ya mama yangu, anachunguza samaki za mutoni tangu sijazaliwa. Wiki iliyopita Académie ya sayansi ya Kinshasa ikamutumia convocation, barua ya kuita mutu kama ile ya polisi: aonekane mbele ya comité ya discipline. Akaacha kula. Mimi masomo iliniacha njiani, lakini discipline ninaijua kuliko Mangobo yote: kwenye masomo directeur wa discipline, mwenye kuazibu wanafunzi, alinifukuza mara tatu! Nikamwambia, "Tonton, usiende kama mwizi. Nitakupeleka na moto yangu, pikipiki hii, na nitasema mimi."

Leo tukafika kwenye bureau yao ya hapa mujini. Mama présidente wa comité hajafungua hata mudomo, nikasimama:

"Tonton yangu aliiba nini?"

Wote wakacheka mpaka machozi. Mama akasema: "Mutoto, discipline hapa iko tawi la sayansi. Yetu iko ya samaki. Tunataka kubadilisha namna ya kufanya kazi na wanasayansi, donc tulimwita tumuulize anahitaji nini."

Haya ilinichoma, kweli. Lakini kunyamaza, mimi?

"Mama, mutu wa kuulizwa hatumiwi convocation. Mufike kwake, muone samaki zake!"

Tonton akanikanyaga muguu chini ya meza. Mama akaandika. "Bon. Jeudi, kesho kutwa, tutafika. Na barua tutaandika ingine."

Njiani Tonton akanitukana: "Umenipatisha haya mbele ya wakubwa!"

Akasirike tu. Tangu turudi anaosha chupa za samaki zake moja moja, na anaimba.