Grisi Kwenye Piano ya Bugarama

Geita Mjini

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta jikoni karibu na moto na siyo barazani kwenye ukungu, maana Mama ameniambia kifua bado kinakusumbua na wewe bado husikii la mtu. Mimi ni mzima. Vumbi tu ndilo linanimaliza. Huku mvua imekataa kabisa, na mtu akitaja kwetu Marangu natamani kulia.

Najua utakachouliza kwanza. Ndiyo, bado nahangaika na piano zile ulizoziita mbao za maboksi. Huku hakuna nyingine. Usicheke bado, maana wiki iliyopita moja imenitoa jasho, na sina wa kumweleza akanielewa ila wewe.

Ni piano ya kanisa moja huko Bugarama, kwenye machimbo. Aliyeinunua ni mzee wa kwaya anayeitwa Baba Kabula, mkulima na mfugaji, mwenye besi ya kutikisa bati. Aliuza dume lake kubwa la ng'ombe, akaagiza piano iliyotumika kutoka Dar es Salaam ili binti yake Kabula aipige siku ya kufungua kanisa jipya. Wanawe wa kiume wakamwambia amelitupa dume jalalani. Piano ikafika, ikakaa kidogo tu kwenye ukavu ule, ikapoteza sauti. Mwenyekiti wa kwaya akatoa neno: isipolia vizuri Jumapili ya ufunguzi, inaingia stoo na vijana wataleta kinanda cha umeme. Ndipo wakaniita, Jumapili yenyewe ikiwa imeshakaribia.

Nilipofungua kifuniko cha mbele nilishika kichwa. Baba, vigingi vyote vinavyokaza nyuzi vilikuwa vinang'aa grisi! Grisi nyeusi ile ya ekseli ya mkokoteni, imepakwa kwa uangalifu, kigingi baada ya kigingi, hakuna kilichosahauliwa. Nikikaza kwa spana uzi unapanda. Nikiachia, kigingi kinarudi chenyewe taratibu huku nakitazama. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kigingi kinashikwa na ubao kwa kukwaruzana tu. Ukikilainisha umekiua.

"Vipi, fundi? Kuna mtu ameichokonoa?" Mwenyekiti aliuliza nyuma yangu.

Baba Kabula alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama mikono yake, nami nikaitazama, nikaona weusi kwenye kucha. Unanijua nilivyo na hasira. Nilikuwa tayari kumrushia mtu spana. Lakini nilimwonea huruma hadi nikasahau kukasirika. Nikarudisha kifuniko haraka.

"Ni ukavu, Mwenyekiti. Mbao zimesinyaa. Niachieni nafasi."

Alipoondoka, mzee akaja kuchuchumaa karibu yangu. "Pedali ilikuwa inalia, binti yangu," akasema kwa sauti ndogo. "Nikaipaka, ikanyamaza. Nikasema basi, vyuma vyote vipate."

Tangu hapo hakubanduka. Asubuhi ananiamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kisha anakaa na kitambaa chenye spiriti, anafuta kigingi kimoja kimoja kama anayemwogesha mtoto. Vile vilivyolegea sana niliving'oa, nikavivika msasa, nikavigongelea upya. Uzi mmoja ulikatika ukanichana shavu. Hapo ukiwa unamsomea Mama, paruke. Kila jioni Mwenyekiti alikuja, akabonyeza vidole viwili vitatu, akaguna, akaondoka. Sikuthubutu kuipandisha piano hadi sauti yake ya kawaida, ubao ule ungepasuka. Niliishusha nusu sauti, nikakaza kidogo kidogo, nikaacha nyuzi zipumzike, nikarudia. Jumamosi jioni nyuzi za katikati zilikuwa bado zinashuka. Nilifikiria kufunga mkoba nikapande basi. Baba, niliogopa.

Jumapili nilikaa nyuma ya Kabula, spana nimeificha chini ya kitenge. Nyimbo zikapita moja baada ya nyingine, nyuzi zimeshika, mimi sipumui. Kwenye wimbo wa mwisho kigingi kimoja kikaachia. Ikatoka sauti kama ya mbuzi aliyebanwa na mlango. Mwenyekiti akageuza shingo. Hapo hapo Baba Kabula akaifungulia ile besi yake yote, kwaya ikamfuata, kina mama wakapiga vigelegele, na piano haikusikika tena hadi mwisho.

Nje, Mwenyekiti akamshika mkono mbele ya watu wote. "Baba Kabula, dume lako limeimba!"

Angeweza kunyamaza. Mimi nilikuwa namwombea anyamaze. Akasema, "Dume hili nililiua mwenyewe, kwa grisi ya mkokoteni. Huyu binti alijua tangu siku ya kwanza, akanisitiri."

Wanawe wakatazama chini. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Mzee," akasema, "si mimi niliyekwambia pedali inanikera, uifanyie dawa?"

Basi watu walicheka hadi mchungaji akatoka kuulizia. Mimi nililia, wala sioni haya. Nitarudi tena kuikaza mvua ikinyesha, na tena baada ya hapo. Usiniambie piano zile hazistahili mkono wa fundi.

Mbusu Mama. Msalimie Kaka Eliya na mkewe, na Shangazi anayeniombea kila Jumatano nipate mume. Mwambie nyuzi kwanza.

Kopo la grisi Baba Kabula amenikabidhi mwenyewe, anasema mikono yake haina adabu ikisikia kitu kinalia. Liko hapa mezani, limeikandamiza karatasi hii isipeperuke. Krismasi nitakuletea, uipake bawaba ya mlango wa jikoni ambayo Mama ameilalamikia tangu sijazaliwa. Ila piano yako usiiguse.

Binti yako,
Manka