Barua ya Mke wa Albano

Jumatatu, 26 Septemba 1983

Vikombe 71 vya uji. Mwaka jana mwezi kama huu nilikuwa nafikisha 180 kabla jua halijapanda. Wanaume wa kiwandani wanasema mara mashine zimekosa spea, mara nyuzi hazijaja, mara umeme. Mie sihitaji kuambiwa. Zamu ya usiku ilipofutwa mwezi wa sita nilijua wiki nzima kabla yao – waliacha kuagiza kikombe cha pili.

Leodegar ni mmoja wa wale 212 waliopunguzwa. Bado anakuja getini kila alfajiri na ovaroli ya bluu, imefuliwa, imepigwa pasi. Anakunywa kikombe kimoja, anakaa mpaka king'ora kilie, halafu anaambaa na ukuta na kupotea. Mkewe hajui. Leo Tabu, anayekaanga mihogo pembeni yangu, kamchokoza: shemeji, siku hizi zamu yako ni ya wapi?

"Ya kuhesabu matofali ya ukuta," kasema Leodegar. "Nimefika elfu tatu. Bado sijapewa ovataimu."

Tukacheka, na yeye kacheka. Nilimjazia tena.

Alhamisi, 29 Septemba

Mzee Kondo, balozi wetu wa nyumba kumi, kapita mlango kwa mlango. Zoezi la nguvu kazi linaanza wiki ijayo. Kila mtu aonyeshe kitambulisho cha kazi. Asiye nacho – lori, kijijini, jembe.

Nikamwambia, shikamoo mzee, mie naamka saa tisa miaka minane sasa, nakoroga masufuria mawili ya uji, hiyo si kazi?

"Marahaba mwanangu. Uji wako nakunywa, naujua. Lakini karatasi imesema kiwanda, ofisi au shamba. Uji haumo."

Leseni? Nimeifuata mara nne. Mara ya kwanza walitaka cheti cha afya. Ya pili, cheti kipo, mwenye muhuri hayupo. Ya tatu, cheti kimepitwa na wakati. Ya nne wakasema mbele ya geti si mahali pa biashara.

Mzee Kondo kanionea huruma. Kasema mke wa mfanyakazi hasumbuliwi. Mume wangu Albano aende kwa karani wa kiwanda, aandikiwe barua yenye jina langu. Moja kwa kila mfanyakazi. Basi.

Kumbe ni hilo tu.

Jumamosi, 1 Oktoba

Nimemwambia Albano. Kasema hilo dogo, Jumatatu ataingia kwa karani. Kala ugali wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, bila kuulalamikia. Alikuwa na furaha.

Nimekumbuka mwaka 77. Alishuka kutoka Newala na viatu vya kuazima. Msimamizi wa zamu alikuwa mteja wangu, vikombe vitatu kila asubuhi. Nilimwambia mbele ya foleni nzima: huyu ni mume wangu, mtafutie nafasi. Nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo mbele za watu. Wiki ile ile Albano akaingia getini.

Jumatatu, 3 Oktoba

Kasahau.

Jumanne, 4 Oktoba

Karani hakuwepo, anasema. Kesho.

Malori mawili ya mgambo yameonekana barabara ya pili. Tabu kaondoka kwenda kwa shangazi yake Chanika, karai kichwani. Kaniambia, "Bakini nyie wenye waume."

Vikombe 52.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nimekwenda mwenyewe. Karani Nassibu ananijua, kikombe kimoja, ndimu nyingi. Kanikaribisha kiti, kafungua faili la Albano, kalifunga, kalifungua tena.

"Dada Yustina, barua ya mke wa Albano imeshachukuliwa. Jumatatu saa mbili asubuhi. Kasaini mwenyewe."

Jumatatu! Siku aliyosahau.

Jina lililoandikwa ni Bernadeta.

Bernadeta ni mke wake wa kanisani. Yuko Newala. Walishaachana kabla Albano hajaja huku – ndivyo nilivyoambiwa. Hajawahi kukanyaga Dar. Hana lori la kumwogopesha. Tayari yuko kijijini, tayari ana jembe.

Nassibu kashusha sauti. Jina lililo kwenye faili ndilo kiwanda kinalolilipia nauli ya likizo. Albano akiandika jingine leo, wataulizia zile nauli za nyuma, zilikuwa za mke yupi. Na siku hizi ofisini wanatafuta sababu, hata ndogo, ya kufikisha waliopunguzwa 300.

Likizo: mwaka 79, mwaka 81, na mwezi wa nne mwaka huu. Mara tatu kaniambia anakwenda kumwona mama yake. Mara tatu nimemfungia mikate ya njiani. Nilifunga ya mtu mmoja.

Ijumaa, 7 Oktoba

Nimemuuliza. Hakukataa. Kasema nauli ya Bernadeta alikuwa anaichukua tu, Bernadeta mwenyewe hasafiri. Labda. Sikuuliza zaidi, maana si hilo.

"Wakinipunguza, tutakula nini?"

Nikamwambia tutakula tulichokula mwaka 77 kabla hajapata kazi. Uji wangu.

Halafu kasema taratibu, kama anamwelekeza mgeni njia: "Yustina, uji si kazi."

Alikuwa nao mkononi. Kaumaliza.

Jumatatu, 10 Oktoba

Naandikia kwenye ua wa ofisi ya kata, ukurasa wa nyuma wa daftari hili.

Walikuja getini kabla ya saa kumi na mbili. Mgambo mmoja kanywa kikombe, karudisha kikombe vizuri, ndipo wakamwaga sufuria. Leodegar naye wamemkamata. Ovaroli haikumsaidia, walitaka kitambulisho. Kaniambia kitu kimoja tu: leo mke wangu atajua.

Tumekuwa wengi, makarani wawili hawatoshi. Afisa kauliza nani ana mwandiko unaosomeka. Leodegar kaninyooshea kidole: "Mama uji yule. Hakosei hesabu."

Kwa hiyo tangu saa mbili nina meza, kiti na kalamu. Jina, umri, kazi, wa kumchukua. Nimeandika watu 143. Kwenye safu ya kazi afisa kasema niweke "hana" kwa wote, nisipoteze muda. Nikaweka. Saa tano kaniletea chai. Kasema, "Unafanya kazi vizuri, dada."

Namba 58 ni mie. Safu ya kazi nimeiacha wazi.

Barua si lazima hapa. Mume akija, akasema mbele ya afisa huyu ni mke wangu, akasaini, mke anatoka. Wanne wametoka hivyo. Nimewaandika mie.

Albano kaja saa saba. Nilipomwona akiingia uani, niseme ukweli, nilisahau yote ya Ijumaa. Nilifungua ukurasa wenye namba 58 na kuweka kalamu tayari kwenye safu ya mwisho. Afisa alikuwa ameenda kula, wakamwambia angoje kwenye benchi. Kanipungia mkono. Nami nikampungia.

Leodegar amekaa chini karibu na benchi lile. Sasa hivi kapita kwangu, kama anayekwenda kunywa maji, na hakunitazama usoni. Nikamuuliza Leodegar, Albano ana nini pajani, kimefungwa na kanga yangu ya kijani.

Blanketi, kasema. Na sweta. Na mwiko wako wa kukorogea uji.

Anayekuja kumtoa mtu haleti blanketi.

Afisa amerudi, anafuta mdomo. Albano kasimama, kavua kofia, furushi kalikumbatia kwa mikono miwili. Afisa anamuuliza: wewe umekuja kwa nani, na ni nani wako? Halafu ananigeukia mie. Niandike atakachojibu.