Mustari wa Saba Iko Nje ya Kwao

Ansima, mujukuu wangu,

Sisi wa Kadutu tuko wazima, tonton, mujomba yako, amepona mugongo. Foto ya programu yako imefika, na nimeruka kwenye kiti! Unauliza kwa nini ordinatere, kompyuta yako, inakataa wakati maneno yote iko sawa. Mutoto, kosa hiyo naijua!

Wakati wa vita nilikuwa sekretere wa parokia. Nilipiga kwa mashini liste ya wakimbizi: jina ya mama pembeni kabisa, watoto chini yake, wakisukumwa nafasi ine tupu ndani. Siku moja, kwa haraka, mutoto mumoja nikamuandika pembeni. Waliosoma wakafikiri hana mutu, wakamupandisha kwenye kamio, lori ya yatima wa kwenda Katana. Mama yake akarudi kutoka kuchota maji, akalia: "Mutoto wangu haiko yatima! Mimi niko!"

Nilikimbia na liste mukononi. Moteri ilikuwa imeshawaka, lakini nikawaonyesha kosa yangu na mutoto akashuka.

Sasa angalia mustari wako wa saba. Haina neno mbaya hata moja. Imekaa tu pembeni, na ordinatere inafikiri haina mama. Isukume nafasi ine, irudi kwa mama yake, mustari wa juu yake. Kisha unipigie mbio, nataka kusikia programu ikitembea!

Koko wako