Guyo, Kuhusu Ule Mlango wa Chuma

Guyo ndugu yangu,

Kuna jambo la ule mlango wa chuma ambalo sikukuambia ulipokuwa hai, wala sikulisema mazikoni kwako Garsen, wanao waliponipa nafasi ya kuzungumza kama baba yao mdogo. Nilieleza kama ulivyozoea kueleza wewe: maharamia walipopanda meli yetu, mabaharia tulikimbilia kile chumba cha kujifungia huko chini kwenye mitambo. Wewe ukachelewa, nami niliyeshika mlango sikukusikia. "Chuma kile kinene," ulikuwa ukiwaambia watu. "Hata zizi zima la ng'ombe lingelia, Mpokomo huyu asingesikia." Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Sasa nimelala hapa Ngao. Moyo umechoka, nikitoka chumbani kwenda barazani napumzika njiani. Mto umepanda, migomba ya chini imo majini. Wanao bado wananiletea maziwa, kama ulivyofanya hata wakati ule watu wako wafugaji na wangu wakulima walipokuwa wakipigana, hawasalimiani.

Mjukuu wangu Rehema, anayesomea uhandisi wa meli Mombasa, alinionyesha kwenye simu meli ya mizigo inayokwenda bila mtu ndani. Kompyuta inaiongoza, watu wanaichunga kutoka nchi kavu. Nikamuuliza, maharamia wakipanda je? "Watamteka nani, Babu? Humo hamna usukani, hamna hata wali. Tunayemwogopa ni mwizi wa mbali, anayeidanganya meli kwa ishara za uongo mpaka ipotee njia." Mimi nikawaza kwamba meli hiyo haina mlango ambao mtu atasimama aamue nani aingie.

Unakumbuka utaratibu wetu. Wanajeshi huja kuikomboa meli ikiwa mabaharia wote wamejifungia. Mmoja akibaki nje hawaji, maana ataumia yeye. Nahodha aliniuliza kama tumetimia, nikasema tumetimia. Akawaambia wanajeshi kwa redio. Punde maharamia wakatupigia simu ya ndani ya meli ili tukusikie unavyopigwa. Nahodha akaamuru tufungue, na sote tukawa mateka, miezi na miezi. Mguu wako haukunyooka tena. Nahodha aliponifokea, wewe, damu haijakauka, ndiwe uliyenitetea: "Mwache. Mlango umezuia sauti."

Nikaishika kauli hiyo. Ulinipa bure, nikaishi nayo mpaka nimezeeka.

Pumzika, ndugu yangu. Wanao wakija tena nitawaambia kabla hawajaketi, nao waamue kama nibaki baba yao. Nakuahidi hilo. Lakini wewe kwanza.

Nilikusikia, Guyo. Uligonga kwa kiganja, ukasema, "Komora, ni mimi, fungua." Nyuma yako kulikuwa na miguu ya watu wanaokimbia. Nikasukuma komeo.