Sikuwahi Kuangalia Ndani ya Tangi Lako

Mama Chebet wangu,

Ungecheka kwanza. Mimi, ambaye kwa miaka ishirini na saba ya ndoa hukuniona nikiandika kitu kirefu kuliko kilo za majani chai nilizopeleka kituoni, leo nimekaa na karatasi nne na kalamu ya kuazima kwa Chebet. Na hii barua siifungi. Wanaume wa kanisa letu wanakuja hapa Jumamosi na nataka waisome, kwa sababu kila mmoja ana mahindi ameweka nyumbani, na sidhani kuna hata mmoja anayejua yako katika hali gani.

Unakumbuka siku niliyokuleta hapa Bomet, mama yangu akakuonyesha choget, lile ghala lake la fito? Alikuambia mbele yangu kwamba mwanamume akionekana anachungulia ghala la mkewe, watu watauliza kama amenyimwa chakula. Niliipenda sana hiyo sheria. Nilikuwa kijana mvivu, na hapo nikapewa uvivu wenye heshima. Hata choget ilipooza tukamwita Nyabuto, yule jirani yetu fundi kutoka Kisii, akatuundia tangi la mabati refu kunizidi, lenye kifuniko juu na mdomo wa kuchotea chini, sheria ilibaki ile ile. Nililisifu tangi lako soko zima. Ndani sikuwahi kuangalia. Nilichojua ni kwamba ugali ulifika mezani ukiwa mweupe na wa moto.

Kinachonirudia ni ule msimu wa mvua nyingi. Asubuhi ulikuwa unaanika mahindi kwenye turubai, saa nane mchana unafunika, mvua ikipita unafunua, na kabla hujaketi unafunika tena. Wiki ya tatu nilichoka kuyaruka nikienda zizini. Na wageni wa maombi walikuwa wanakuja Jumapili. Nikaokota punje moja, nikaing'ata mbele yako kama mtaalamu, ikalia vizuri, nikatangaza kwamba mahindi yamekauka.

Ukaniambia, "Umeng'ata ya juu, Baba Chebet. Ya chini bado."

Nikakuuliza kama tunangoja jua la mwaka ujao. Kufikia Jumamosi turubai lilikuwa limekunjwa, mahindi yako ndani ya tangi, boma limefagiliwa. Wageni walilisifu boma, na mimi ndiye niliyepokea sifa.

Baada ya hapo ulianza kukaa nyuma ya jikoni kila asubuhi na ungo magotini, unachagua punje moja moja. Nilikutania kwamba unatafuta mahindi ya kufanana na wewe kwa urembo. Ulicheka, ukavuta leso juu ya kile kirundo kidogo cha kando. Nikapita. Mavuno yaliyofuata uliyamwaga juu ya yale ya zamani, kwa sababu kumaliza ya zamani kwanza kungechukua miezi, na mimi nilikuwa nimeshakuonyesha jinsi ninavyopenda boma lisilo na mahindi chini.

Halafu tumbo lako likaanza kuvimba na macho yakageuka rangi ya manjano. Kule hospitali ya Longisa daktari alisema ni ini. Aliuliza kama unakunywa pombe, nikacheka kwa sauti hadi wagonjwa wakageuka, maana wewe ndiwe uliyefukuza busaa kwenye harusi ya ndugu yangu mwenyewe. Kisha akaniuliza mahindi yetu tunahifadhi wapi. Nikajibu kwa kiburi kabisa kwamba sisi si watu wa magunia, tuna tangi la mabati. Wewe ulikuwa umelala hapo. Ulinitazama, halafu ukageukia ukutani. Nilidhani ni maumivu.

Tulikuzika upande wa juu wa chai. Chebet akarudi nyumbani kunitunza, ingawa anasema amerudi kutafuta kazi karibu. Funguo za tangi alizichukua yeye bila mtu kumwambia, na mimi nikaendelea kutoangalia.

Wiki tatu zilizopita mdomo wa chini ulikataa kutoa mahindi. Chebet aligonga bati, upande mmoja ukalia mzito na mwingine ukalia kama debe tupu. Niliweka kiganja pale kwenye mlio mzito. Ilikuwa asubuhi ya baridi, Mama Chebet, ile baridi ya kutoa moshi mdomoni, na bati lilikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe.

Chebet akasema atapanda ayakanyage yashuke, wewe ulikuwa ukifanya hivyo kwa mti mrefu. Hapo nikajifanya mwanamume. Nilimwambia akae chini na ndoo, kazi ya kupanda ni yangu. Unajua tumbo langu. Lilipita kwenye kile kifuniko kwa maombi. Juu, mahindi yalikuwa yameshikana yakawa kama sakafu, yananuka kama blanketi iliyosahauliwa kwenye mvua. Nikasimama juu yake. Nikaona imara. Nikakanyaga mara mbili.

Ile sakafu haikuwa na kitu chini yake. Nilishuka hadi kifuani kwa mara moja, na vumbi la kijani likanijaa puani. Nilijaribu kuinua mguu nikajikuta nimezama zaidi. Kila nilipotoa pumzi, mahindi yalisogea yakachukua ile nafasi, na pumzi iliyofuata ikawa fupi. Na hapo nikamsikia binti yetu huko chini, amefurahi.

"Baba, imeanza kumwagika!"

Alikuwa anajaza ndoo. Kila ndoo ilikuwa inanivuta. Nilitaka kumwambia afunge, lakini sauti ya kusema haikuwepo. Nilichoweza ni kukwaruza bati kwa kucha. Nilikwaruza, Mama Chebet, nikasikia ndoo ya pili inawekwa. Yalikuwa yamefika kwapani ndipo akaniita, akaniita tena, kisha nikasikia mdomo wa tangi umefungwa na miguu yake inakimbia.

Nyabuto alikuja na mikasi yake ya bati. Chebet alikuwa ameshafika juu na kamba, anataka kunivuta, fundi akamkataza kwa ukali. Alisema ukimvuta mtu aliyeshikwa na mahindi utamkata katikati. Mimi aliniambia ninyamaze kama jiwe na nipumue kidogo kidogo. Halafu akakata tangi alilolitengeneza kwa mikono yake, shimo upande huu, shimo upande ule, yamwagike sawasawa. Alikuwa anaongea nami kupitia kwenye bati wakati wote, ananitukana taratibu, kwamba fundi mzuri hupima tangi kwa mahindi, hakuwa amepima kwa mzee mnene. Nadhani alitaka nisilale.

Waliponitoa na kuniketisha chini, hakuna aliyekuwa ananiangalia mimi. Walikuwa wanaangalia yale yaliyomwagika. Yalikuwa ya kijani, mengine meusi, mengine yameota nywele kama panya mchanga. Nyabuto akauliza tumekula hayo tangu lini. Chebet alijibu haraka, kama mtu aliyetukanwa.

"Baba hajawahi kula hiyo. Mama alikuwa anachagua."

"Na ile alikuwa anatoa, alikuwa anatupa wapi?"

Chebet aliangalia chini. "Chakula haitupwi," akasema. "Alikuwa anaosha, anasaga, anakula yeye. Alisema baba asijue, atajilaumu."

Sikuuliza swali lililofuata. Nyabuto ndiye aliyeuliza, polepole: na tangu mama aende, nani anakula? Binti yetu akaanza kufuta mikono kwenye sketi, anafuta, anafuta, kana kwamba kuna kitu hakitoki.

Daktari hawezi kusema kama ni mahindi yaliyokuua. Nimemwuliza mara mbili. Alisema ini linaharibika kwa njia nyingi, na akaandika kitu bila kuniangalia. Mimi sihitaji aniambie. Niliing'ata ile punje.

Mahindi yote tumeyazika kwenye shimo refu karibu na mikaratusi, tukamwagia majivu na maji. Nyabuto alisema yasiguswe na kuku wala ng'ombe, kwamba sumu ya kuvu hiyo inaweza kutoka hata kwenye maziwa. Kabla hatujafunika walikuja watu wawili, kwa nyakati tofauti, kuniomba walau gunia moja la kupikia busaa. Niliwajua wote, watu wazuri. Walitushangaa, mzee na fundi wanazika chakula. Ndiyo maana barua hii iko wazi. Mmoja wao atakuwepo Jumamosi.

Tulienda Longisa na Chebet. Walitoa damu, majibu ni Ijumaa. Yeye anasema hana shida, anasema anachoka tu kwa sababu ya kuchuma chai. Nawe ulikuwa unasema hivyo.

Siku hizi nakula jikoni. Siku ya kwanza Chebet alisimama na mwiko mkononi asijue aangalie wapi, baba mzima kwenye kigoda cha jikoni na binti yake. Mama yangu angezirai. Nilimwambia apakue sahani moja, tule wote kutoka upande mmoja, na nikaanza mimi. Akienda kuosha vyombo nafunua sufuria zote, hata ile ndogo ya maziwa, na yeye anajifanya hanioni. Mahindi tunanunua kidogo kidogo, na kabla hajasaga namwaga yote kwenye ungo nakagua. Mimi ni mchaguaji mbaya. Macho yangu hayafiki robo ya yako.

Kila asubuhi, akija kunipa chai, namsimamisha mlangoni kwenye mwanga nimwangalie weupe wa macho. Amezoea, anainua uso mwenyewe kabla sijasema. Leo ukungu umeshuka hadi kwenye ua, chai yote haionekani, na sikuweza kujua rangi niliyoiona ni ya macho yake au ni ya asubuhi. Nimemwambia asiende kuchuma. Ameketi hapa mlangoni, anabandua udongo kwenye gambuti zake, na mimi nangoja jua.

Mumeo aliyekula sahani safi,
Baba Chebet